Kioo kilichopigwa polishi mara mbili, kisha kikabadilishwa

Kisa hiki kinahusu gari moja dogo la teksi, mkwaruzo mmoja kwenye kioo cha mbele, na watu watatu: dereva, mwenye gari, na mimi fundi wa vioo. Majina, namba ya gari na mitaa ya karakana nimeviondoa, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasitambulike. Mimi sijajiondoa kwenye lawama. Kosa mojawapo kubwa humu ndani ni langu, na ndilo lililonisukuma kuandika.

## Usuli

Gari lilikuwa Toyota IST ya toleo la kwanza, zile zilizojaa Dar es Salaam mpaka ukisimama kwenye taa unahesabu tano. Dereva alikuwa nalo kwa mkataba: kila wiki anapeleka hesabu, yaani malipo ya gari, kwa mwenye gari, mama mmoja mstaafu, na muda waliokubaliana ukiisha gari linakuwa lake. Mkataba wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja. Sevisi ni ya dereva, injini na giaboksi ni za mama. Tairi zimetajwa mara mbili, sijui kwa nini. Kioo hakikutajwa hata mara moja. Bima ilikuwa ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga, kwa hiyo kwa kioo cha gari lenyewe haikuwa na msaada wowote.

Jambo la pili la kujua ni njia yake. Dereva anaishi mbele ya Kimara, barabara ya Morogoro. Asubuhi anaingia mjini akitazama mashariki, jioni anarudi akitazama magharibi. Jua linampiga usoni mara mbili kwa siku. Mtu wa Tegeta anayeshuka na barabara ya Bagamoyo jua linamjia ubavuni kwa sehemu kubwa ya safari, na anaweza kukaa na kioo chenye mikwaruzo miezi mingi bila kulalamika. Mtu wa Kimara hapati bahati hiyo.

La tatu ni kioo chenyewe. Vioo vya milango kwa kawaida ni kipande kimoja kilichokazwa kwa moto, kikivunjika kinamwagika kama chumvi ya mawe. Cha mbele ni vipande viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita 2 hivi, na katikati yake kuna tabaka la plastiki inayovishikilia. Ndiyo maana jiwe likikipiga kinapasuka lakini hakimwagiki. Na ndiyo maana ukianza kukisaga kwa nje, unasaga kile kipande cha juu cha milimita 2. Hakuna akiba nyingine.

Kioo cha gari hili kilikuwa kimechoka tayari. Kilikuwa na ukungu wa mikwaruzo midogo midogo, ya vumbi lililofutwa kavu na ya vitambaa vya waosha magari vinavyochovywa kwenye ndoo ileile tangu asubuhi. Watu hushangaa kioo kukwaruzwa na kitambaa, lakini kitambaa hakina kosa. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo kiko karibu na 5.5, na punje za kwatzi, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, ziko 7. Kitambaa ni usafiri tu, anayekwaruza ni mchanga.

## Yaliyotokea

Ilikuwa masika. Mpira wa waipa ya kulia, upande wa dereva, ulikuwa umekauka na kuanza kuchomoka kwenye chuma chake. Dereva aliurudisha kwa mkono mara mbili. Mara ya tatu mvua ilimkuta njiani na abiria, mpira ukatoka kabisa upande mmoja, na yeye akaendelea kuiwasha waipa kwa sababu bila waipa haoni kitu. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Chuma kikabeba mchanga wa barabarani na kuchora upinde mmoja mzuri kabisa, kama umepimwa kwa bikari, ukapita mbele ya macho yake.

Mchana hakuona shida. Shida ilianza saa kumi na moja jioni, akitoka Ubungo kuelekea Kimara: jua likishuka, ule upinde ukawaka wote kama waya wa moto, na nyuma yake hakuna kinachoonekana. Usiku ukawa na yake. Gari la mbele likiwasha fuli, taa zinatawanyika kwenye mikwaruzo na kutoa nyuzi kama za buibui. Jioni ya tatu alifunga breki karibu na kivuko cha waenda kwa miguu akiwa hajamwona mtu aliyekuwa tayari yuko katikati ya barabara. Hakumgusa. Abiria wake akashuka palepale na kumwambia amalizie safari peke yake.

Kesho yake alikwenda kwa kijana mmoja wa kando ya barabara anayepiga polishi taa za magari. Alimchagua kwa sababu ambayo ukiisikia unaiona ya busara: miezi michache nyuma kijana huyo alimsafishia taa za mbele zilizokuwa zimegeuka njano, kwa nusu saa, zikawa kama mpya. Akamuuliza kama anaweza na kioo. Akajibiwa, "Kioo ndicho rahisi zaidi, kaka." Wakapatana 35,000.

Kijana alianza na msasa wa maji, akaja na mwingine laini zaidi, kisha akamalizia na kompaundi, dawa ya kung'arishia rangi ya gari, kwa drili. Kazi ilifanyika saa saba mchana, gari likiwa juani. Alipomaliza alimwagia kioo maji, akamwita dereva aangalie. Upinde ulikuwa umefifia, kioo kinang'aa. Dereva akalipa.

Maji yalipokauka kwenye kioo alikuwa ameshafika mataa ya Ubungo. Mbele ya macho yake palikuwa na doa jeupe ukubwa wa sahani ya wali, kama mtu amepulizia pumzi na pumzi haitoki.

Alikuja kwangu asubuhi iliyofuata, akanikabidhi simu kabla hata ya salamu kuisha. Mama alikuwa upande wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Huyu mwanangu ananiambia kioo kimeharibika. Kimepasuka?"

"Hapana mama, hakijapasuka."

"Basi kama hakijapasuka kisafishe. Mimi siwezi kununua kioo wakati kioo kipo."

## Nilichokiona na nilichoamua

Nilikipima kwa njia tatu ninazotumia siku zote, na hakuna hata moja inayohitaji mashine.

Ya kwanza ni kucha. Unapitisha kucha taratibu kukata mkwaruzo. Ikipita bila kuhisi kitu, mkwaruzo ni wa juujuu. Ikikwama, hata kidogo, mkwaruzo una kina. Hapa ukungu wa msasa ulikuwa wa juujuu, lakini katikati yake, kwa urefu wa kalamu, upinde wa waipa ulikuwa bado uko hai. Kucha ilikwama.

Ya pili ni tochi. Unaingia ndani ya gari, mtu anakaa nje na tochi akiimulika ubavuni mwa kioo, siyo moja kwa moja machoni. Kila mkwaruzo unajitangaza. Hii nilifanya chini ya turubai, na doa lote likawaka.

Ya tatu ni mistari iliyonyooka. Mbele ya karakana kuna uzio wa mabati, na migongo ya mabati imesimama wima, karibukaribu, kama daftari la hesabu. Unakaa kwenye kiti cha dereva, unautazama uzio kupitia kioo, unasogeza kichwa kushoto na kulia. Kama kioo kiko sawa, mistari inabaki imesimama. Kama kimesagwa zaidi sehemu moja, mistari inapinda ikipita hapo. Asubuhi ile ilipinda kidogo tu, kwenye kingo za doa.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu. Mkwaruzo unaokwama kucha, ulio mbele ya macho ya dereva, haupigwi polishi. Sababu yake si ngumu. Kung'arisha kioo si kujaza mkwaruzo, ni kushusha kioo chote kilichouzunguka mpaka kifike kwenye kina chake. Mkwaruzo wa juujuu unashusha kidogo, na ukitawanya kazi kwenye eneo pana hakuna atakayejua. Mkwaruzo wenye kina unakulazimisha kuchimba bonde. Bonde kwenye kioo ni lenzi, na lenzi mbele ya macho ya mtu anayeendesha kilomita 60 kwa saa ni kitu kibaya kuliko mkwaruzo, maana mkwaruzo unauona na bonde huoni. Unaona tu bodaboda iko hapa wakati iko pale.

Hayo yote niliyajua, na bado nikakubali kujaribu. Nilijiambia kwamba ukungu wa msasa utatoka, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba mama amekataa kununua kioo, kwa hiyo kama sitajaribu, dereva ataondoka na doa lake na kulala barabarani nalo. Na kulikuwa na 50,000. Siku ile karakana ilikuwa kavu.

Nilitumia unga wa oksidi ya seriamu, ambao ndio unga wa kazi hii. Kompaundi ya rangi ilitengenezwa kwa ajili ya rangi, na dawa ya meno, ambayo kila mtu ana shemeji aliyeiona mtandaoni ikifanya kazi, inaacha kioo kikinukia mnanaa na mkwaruzo ukiwa palepale. Seriamu inakila kioo kwa kukisaga na pia kwa kushirikiana nacho kikemia, na ndiyo maana viwanda vya lenzi vinaitumia. Unauchanganya na maji uwe kama uji mwepesi wa mtoto, unaupaka kwenye pedi ya sufi iliyobanwa, mashine inazunguka polepole, na pedi haisimami sehemu moja. Kila dakika chache unazima, unapuliza maji, unaingiza mkono ndani ya gari na kuweka kiganja nyuma ya pale unaposugua. Kama kiganja hakivumilii, umeshachelewa. Joto likikusanyika sehemu moja kioo kinapasuka, au lile tabaka la plastiki katikati linatoa mapovu. Yule kijana alifanya saa saba juani na kioo hakikupasuka. Ni bahati aliyokuwa nayo, wala hakujua kwamba ameitumia.

Baada ya saa moja na nusu ukungu ulikuwa umekwisha. Kioo kilitakata, kikavu. Ule upinde ulibaki kama unywele.

"Mbona kimetakata kabisa, fundi?" dereva akasema.

Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwambia atazame uzio na asogeze kichwa. Akasogeza. Akanyamaza. Akasogeza tena.

"Mabati yanatembea."

Kwa kufukuza ule unywele nilikuwa nimekaa mahali pamoja kupita kiasi, juu ya kazi ya msasa iliyokwishapunguza kioo jana yake. Nikamwambia ukweli kwamba kioo sasa ni kisafi lakini hakifai. Akakilalia usiku mmoja, akafanya safari nne, na asubuhi akarudi akisema macho yanamuuma na mara mbili alibana breki bila sababu.

## Kununua kioo

Mama alipiga mwenyewe safari hii. Alikuwa ameshapiga hesabu.

"Fundi, 35,000 za yule kijana na 50,000 zako ni 85,000. Kioo ni shilingi ngapi?"

"Kipya 180,000, mama. Cha mtumba 110,000."

"Kwa hiyo mlikuwa mmeshafika karibu nusu ya kioo."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia ile 50,000 yangu nitaikata kwenye ufundi wa kubadilisha, na nikaikata.

Alitaka cha mtumba. Tulikwenda kukiangalia kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, mimi na dereva. Kilikuwa halisi cha gari hilohilo, kimetolewa kwenye gari lililopata ajali nyuma. Lakini kilikuwa na ukungu wake wa zamani, na kwenye ukingo wa chini palikuwa na kipande kilichomeguka, ukubwa wa punje ya mchele, alama ya kisu cha aliyekitoa. Ukingo uliomeguka ndiko ufa unakoanzia. Kinaweza kukaa mwaka, kinaweza kupasuka siku unayopanda tuta vibaya. Nilimpigia mama picha, nikamweleza, akakubali kipya. Namsifu kwa hilo. Wenye magari wengi hapo ndipo wanapokatia simu.

Kwenye kioo kipya niliangalia maandishi madogo ya pembeni kabla ya pesa kutoka. Kioo cha mbele kinatakiwa kiwe kimeandikwa LAMINATED, au kiwe na alama ya kiwango cha kioo cha mbele kama AS1. Kisicho na maandishi yoyote sikifungi, hata mteja akileta mwenyewe.

Tulipokata gundi ya zamani kwa waya na kukinyanyua kioo, tukakuta historia. Kioo kile kilikuwa kimeshabadilishwa siku za nyuma na aliyekifunga alitumia silikoni, ile ya mabafuni. Silikoni inazuia maji kwa muda, lakini haina nguvu ya kushikilia kioo kwenye gari likigongwa. Kona ya chini kushoto maji yalikuwa yameingia miaka kadhaa na fremu imeota kutu. Nikakwangua kutu, nikapaka praima, yaani dawa ya kuifanya gundi ishike, nikasubiri, nikapiga gundi ya poliurethani kuzunguka fremu yote bila kukatisha, tukakiweka kioo na kukibana kwa utepe.

Nilimwambia dereva gari lilale hapa mpaka asubuhi. Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi na mbili alikuwa amesimama pembeni ya gari na funguo mkononi. Siku ya nne bila hesabu kamili, mama ni mpole lakini wiki haimsubiri mtu. Nikamruhusu, kwa masharti: kioo cha mlango mmoja kibaki wazi kidole kimoja ili ukifunga mlango hewa isisukume kioo kipya, usipige milango, usipite barabara ya mashimo, usipeleke gari kuoshwa kwa presha siku mbili. Masharti mazuri, lakini kusubiri kungekuwa kuzuri zaidi. Kioo cha mbele kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka unaegemea kwenye kioo hicho. Gundi isiyokauka maana yake kwa saa kadhaa gari lina kioo cha kuzuia upepo tu.

## Matokeo

Hakupata ajali. Siku ya tatu mvua ilinyesha na maji yakadondoka kwenye kapeti upande wa abiria, kona ya chini kushoto. Ilikuwa rahisi kusema ni kwa sababu aliondoka mapema, na nilijaribiwa kusema hivyo. Nilipofungua nikaona gundi imeshika vizuri kwenye kioo na imebanduka kwenye fremu, palepale penye kutu. Sikuikwangua hadi kufika chuma cheupe. Nilikuwa na haraka ya dereva na haraka yangu. Nikakata kona, nikasaga kutu yote, nikatibu, nikapaka praima upya, nikaziba. Nusu siku, bila malipo. Haijavuja tena.

Kwa pesa, mambo yalikwenda hivi. Polishi ya kwanza 35,000, ya kwangu 50,000, kioo 180,000, gundi na praima 45,000, na ufundi uliobaki 10,000. Jumla 320,000. Mama alilipa kioo, dereva akalipa mengine yote, 140,000, kwa makubaliano ya simu ambayo hayapo kwenye mkataba mpaka leo. Kama wangebadilisha siku ya kwanza ingekuwa 285,000. Ukitazama hivyo tofauti ni 35,000 tu, lakini ni kwa sababu mimi nilifanya kazi ya saa moja na nusu bure. Na hapo hujahesabu siku nne za kufanya kazi nusunusu, wala yule mtu wa kwenye kivuko.

## Uchambuzi

Dereva alifanya uamuzi wake wa kwanza kwa ushahidi. Aliona taa zake zikitakata kwa nusu saa. Tatizo ni kwamba taa za magari ya siku hizi si kioo. Ni plastiki, polikaboneti, na ile njano ni ngozi ya juu iliyochomwa na jua. Msasa unaitoa, kompaundi inalainisha, mtu anafurahi. Kioo ni kigumu mara nyingi zaidi. Msasa unakikwaruza vizuri sana, na kompaundi haina nguvu ya kuifuta mikwaruzo ya msasa. Yule kijana hakuwa tapeli. Alikuwa fundi mzuri wa plastiki aliyepewa kioo.

Na yale maji. Sidhani aliyamwaga kwa hila. Kila mtu anaosha kazi yake akimaliza. Lakini kioo chenye ukungu wa msasa kikilowa kinaonekana kizima, kwa sababu maji yanajaza yale mabonde madogo na mwanga unapita bila kutawanyika. Kazi ya kioo inakaguliwa ikiwa kavu, ndani ya gari, ukiwa umekaa unapokaa ukiendesha. Ningeweza kuweka sheria hiyo moja tu kwenye ukuta wa karakana na ikatosha.

Mama aliuliza swali moja, kimepasuka au hakijapasuka, na jibu likamfikisha kwenye uamuzi mbaya. Simlaumu. Kwa watu wengi kioo kina hali mbili, kizima na kilichopasuka. Nilipaswa kulikataa swali badala ya kulijibu. Ningemwambia: hakijapasuka, mama, lakini kucha inakwama mbele ya macho ya mwanao. Lile sharti la mahali ni zito kuliko watu wanavyodhani. Mkwaruzo uleule ungekuwa upande wa abiria chini, ningesema uachwe hivyohivyo, usipoteze hata mia.

Kuna wanaochanganya hili na kijiwe kilichotoboa kioo. Kitobo cha jiwe, kikiwa kidogo na hakijaanza kutoa ufa mrefu, kinajazwa kwa gundi maalum inayopenya na kukauka kwa mwanga wa jua au taa yake. Hiyo ni kazi ya kujaza, kinyume kabisa na kusaga, na inafaa kufanywa mapema kabla uchafu na maji havijaingia. Dereva huyu aliambiwa na mwenzake kijiweni kwamba kuna gundi ya kujaza mikwaruzo. Kwa mkwaruzo mrefu wa waipa sijaona ikisaidia; inabaki kama mstari wa mafuta.

Kosa langu la kukubali kujaribu nimelifikiria zaidi ya mengine. Nilifanya kazi sahihi kwa unga sahihi kwenye kioo kisicho sahihi. Ukungu peke yake ningeutoa na kioo kingebaki chema. Nilipouona ule unywele ndipo nilipopaswa kuzima mashine, nimwambie dereva hapa ndipo polishi inapoishia, sasa chagua. Badala yake nilitaka kuushinda. Fundi yeyote atakayesoma hapa anajua hiyo hamu, na anajua haimo kwenye risiti.

Kilichofanya kazi ni kukagua kabla ya kununua: kile cha mtumba kilikataliwa kwa punje ya mchele, na maandishi ya kioo kipya yalisomwa. Kilichofanya kazi pia ni simu ya mama kubaki wazi. Kila hatua alielezwa, na aliposhauriwa kinyume na mfuko wake alisikiliza.

Ila sote watatu tulisahau chanzo. Tulizungumza kioo kwa siku nne. Siku ya kufunga nilimwambia dereva anunue waipa mpya, akanunua moja, ya kulia, kwa sababu ndiyo iliyoharibika. Ya kushoto tuliiangalia, mpira ulikuwa mzima, tukaiacha. Hakuna aliyeinua mpira ule na kuangalia chini yake. Ulikuwa umeshika mchanga mgumu kando ya ukingo mzima.

Wiki tatu baadaye akarudi na upinde mpya kwenye kioo kipya, upande wa abiria. Nilipitisha kucha, ikapita bila kukwama. Nikakiacha kioo kipoe kivulini, nikachanganya seriamu, nikasugua kwa mkono, bila mashine, kwa muda wa kama dakika arobaini, nikitawanya eneo pana. Kilipokauka nikamkalisha kiti cha abiria atazame uzio. Akasogeza kichwa kushoto, kulia. Mabati yalisimama. Waipa ya kushoto aliinunua kabla hajaondoka, na ile ya zamani akaniachia kwenye meza, mchanga ukiwa bado umeng'ang'ania mpira.